RUZUKU NI HESABU: TUISOME HADHARANI

(Hotuba ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama wa chama chetu cha msingi cha ushirika. Imeandikwa hapa ukutani kwa ombi la mkutano, ili aliyekuwa shamba siku ile naye aisome, na asiyejua kusoma asomewe na jirani yake. Kura itapigwa Jumamosi.)



Tumekutana kwa jambo moja tu. Masika yanakaribia, na orodha ya wakulima wa pamba inaandikwa upya. Mbegu ikija, itapita kwenye orodha hiyo. Dawa ikija, itapita humo humo. Na kama Serikali itatoa fedha yoyote ya kumsaidia mkulima wa pamba, nayo itafuata njia hiyo hiyo. Bodi imeuliza: orodha hii ikae ndani ya kabati la ofisi kama zamani, au ibandikwe hapa ukutani, jina kwa jina, kila mtu aione? Sisi wa tawi tumekaa tukalizungumza. Tunasema ibandikwe. Tutaeleza sababu zetu, kisha uamuzi ni wenu.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Ruzuku ni nini? Wengine wetu tukisikia ruzuku tunafikiri ni zawadi, na zawadi haihesabiwi mbele ya aliyeitoa. Hayo siyo kweli. Ruzuku ni fedha ya umma. Ukinunua sabuni pale Mikumi umelipa kodi. Ukiweka salio kwenye simu pale Kilosa mjini umelipa kodi. Kodi hiyo inakusanywa, inapitishwa Bungeni, na sehemu yake inarudi kwa mkulima ili kazi yake isife. Kwa hiyo ruzuku ni fedha yetu iliyokwenda safari ndefu, na mwenye fedha ana haki ya kuuliza imerudi kiasi gani na imeingia mkononi mwa nani.

Tena ndugu zangu, tusichanganye mambo matatu.

La kwanza ni ruzuku ya bei. Hii inaongezwa juu ya bei ya kilo.

La pili ni ruzuku ya pembejeo. Serikali inalipa sehemu ya gharama ya mbegu, dawa au mbolea, na mkulima anamalizia kilichobaki.

La tatu siyo ruzuku, ingawa mara nyingi huitwa hivyo. Ni pale mkulima anapopewa mbegu na dawa mwanzo wa msimu, kisha gharama yake ikakatwa kwenye kila kilo anayouza. Huo ni mkopo. Kinachokatwa kwenye kilo zako ni fedha yako. Mtu akikuambia, "Serikali imekupa bure," na huku anakata, muulize kwa upole: bure gani inayolipwa?

Sasa tupige hesabu, maana darasani tumejifunza kwamba maneno bila hesabu ni upepo. Mwaka 2008 uchumi wa dunia ulitikisika, na bei ya pamba ikaanguka. Msimu wa 2009 Serikali iliingiza mkono. Bei ya mnunuzi ilikuwa shilingi 360 kwa kilo, na Serikali ikaongeza shilingi 80, ikawa 440. Chukua mkulima mwenye kilo 300. Fedha ya mnunuzi ni 108,000. Ruzuku ni 24,000. Jumla 132,000. Hebu sasa karani amwandikie kilo 280 badala ya 300. Mkulima yule atapata 123,200. Amepoteza shilingi 8,800. Katika hizo, 7,200 zilikuwa jasho lake, na 1,600 zilikuwa ruzuku aliyoletewa na nchi nzima. Mizani moja imeiba mara mbili, kwa mkulima na kwa umma. Ndiyo maana tunasema ruzuku ya bei inaanzia kwenye mizani. Serikali ikiongeza mia juu ya kilo iliyopunjwa, nayo hiyo mia imepunjwa.

Tusidhani kwamba wakubwa hawakulifikiria jambo hili. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 kulikuwa na utaratibu wa vitabu vya mkulima wa pamba. Kila ulipouza, kilo zako ziliandikwa kitabuni, na kutokana na kilo hizo ukahesabiwa haki yako ya pembejeo za msimu unaofuata. Wazo lilikuwa zuri, kwani aliyeuza nyingi apate nyingi. Lakini kitabu kinasema alichoandika karani. Kama mwenye kitabu hasomi, kitabu ni cha karani, siyo chake. Baadaye utaratibu ule uliachwa.

Kisha kuanzia mwaka 2008 zikaenea nchini vocha za pembejeo, za mahindi na mpunga. Mkulima alipewa karatasi, akaenda nayo kwa wakala, akaongeza fedha yake, akachukua mbegu na mbolea. Wengi walinufaika, wakavuna magunia ambayo hawakuyaona kabla. Lakini ilijulikana nchi nzima kwamba wako waliotia saini vocha wakapewa noti mbili tatu badala ya mfuko wa mbolea. Mkulima akarudi nyumbani na noti zile, zikaisha siku hiyo hiyo, na shamba likabaki na njaa. Kwenye vitabu vya Serikali, mkulima huyo amepata mbolea. Mtu wa hesabu atakayekuja kukagua ataona saini, ataona muhuri, atasema mambo ni sawa.

Mwaka 2022 ikaja ruzuku ya mbolea kwa nchi nzima, ambayo Serikali iliitengea shilingi bilioni 150 kwa mwaka wa fedha 2022/23. Wakulima wakaandikishwa vijijini, kila mmoja akapata namba yake. Hapa pia jambo ni lile lile. Zamani wizi ulikuwa kwenye dole gumba, leo uko kwenye namba. Namba yako ukimpa mtu "akusaidie", umempa kalamu na mkono wako.

Na ndugu zetu wa upande wa Mikumi, mnaolima jirani na hifadhi ile iliyoanzishwa mwaka 1964, ninyi mnayajua malipo mengine ya Serikali: kifuta jasho, tembo anapoingia shambani. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka malipo hayo kwa ekari, kwa kufuata umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, na mwisho wake ekari 5. Mnaona wenyewe. Aliyeandika umbali na ekari ndiye aliyeandika fedha yako. Akikosea umbali, tembo amekula mara ya pili.

Sasa twende mbali kidogo, maana pamba yetu haiuzwi Kilosa tu. Bei yake inafuata soko la dunia, na soko hilo lina wakulima wengine. Marekani ni nchi tajiri, lakini nayo huwalipa ruzuku wakulima wake wa pamba. Shirika la Oxfam lilipiga hesabu mwaka 2002 likaona kwamba katika msimu wa 2001/02 wakulima wa pamba wa huko, ambao ni kama 25,000 tu, walipata ruzuku ya karibu dola bilioni 4. Mtu anayelipwa hivyo atalima tu hata bei ikiwa mbaya. Pamba inakuwa nyingi sokoni, bei inashuka, na anayeumia ni mkulima wa jembe la mkono asiye na cha kumkinga. Mwaka 2003 nchi nne za Afrika, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zilisimama mbele ya Shirika la Biashara Duniani zikalia juu ya jambo hili. Brazili ilikuwa imeshafungua kesi mwaka 2002, ikashinda, na shauri likamalizika mwaka 2014 kwa Marekani kukubali kulipa dola milioni 300 kwa ajili ya wakulima wa pamba wa Brazili. Ndugu zetu wale wanne wa Afrika hawakupata malipo ya namna hiyo.

Mtasema, Katibu, haya ya Marekani yanatuhusu nini sisi tunaotoka palizi? Yanatuhusu kwa jambo moja ambalo ni jema, na jema huigwa hata likitoka kwa mwenye nguvu. Huko kwao sheria inamruhusu raia kudai karatasi za Serikali. Shirika moja la raia mjini Washington lilidai orodha za malipo ya ruzuku, likazitoa hadharani kuanzia malipo ya mwaka 1995, kaunti kwa kaunti, jina kwa jina. Kaunti ni kama wilaya yetu hivi. Mkulima wa pamba anasoma mwenyewe kwamba jirani yake amepata kiasi gani. Na orodha zilipofunguliwa, watu wakaona kitu walichokuwa wanakishuku tu: sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwa wachache wenye mashamba makubwa, na wadogo wakapata makombo. Pasipo orodha, yangebaki maneno ya vijiweni.

Basi kama tajiri anabandika orodha, maskini anaficha ya nini?

Tuje nyumbani. Wilaya yetu ya Kilosa siyo ngeni kwa pamba. Pamba ililimwa huku tangu enzi za Wajerumani, na kwa watu wengi wa nchi hii ililimwa kwa kiboko. Mwaka 1905 watu wa Matumbi waling'oa pamba ya kulazimishwa, ikawa Vita vya Maji Maji, na moto wake ukafika hadi Kilosa. Wazee wale walilima pamba ambayo hesabu yake hawakuionyeshwa. Leo tuna kituo cha utafiti pale Ilonga, ndani ya wilaya yetu wenyewe, na mbegu zilizozaliwa pale zinaitwa kwa herufi za jina lake: IL 74, IL 85. Pamba nyingi ya nchi hii, zaidi ya mafungu tisa kati ya kumi, inatoka mikoa ya Ziwa na jirani zake. Sisi wa mashariki ni wachache, na wengi wetu wamehamia kwenye ufuta. Kwa ajili hiyo hiyo hatuna budi kuwa waangalifu. Kidogo kinachotufikia kikipotea, hakuna cha kufidia.

Na hapa kijijini tumeyaona. Msimu mmoja wa pembejeo orodha ilikuja ofisini ikiwa imekamilika, saini zote zimejaa. Mama mmoja wa darasa letu la kisomo alikuwa zamu ya kufagia ofisi. Karatasi ilikuwa mezani. Akasimama na ufagio wake akaanza kusoma, silabi kwa silabi kama tunavyosoma ubaoni. Akafika kwenye jina la mumewe, ambaye alikuwa amezikwa miaka miwili kabla. Mbele ya jina palikuwa na kilo za mbegu, chupa za dawa, na dole gumba. Mama yule mwenyewe hakuwa amepata hata punje. Akaliweka ufagio chini, akaja kutuita. Tulipoisoma yote tukakuta marehemu wa pili. Wakala aliyehusika hatumtaji, siyo kazi ya ukuta huu kuhukumu, na shauri lilipelekwa kunakohusika. Lakini somo tunalitaja. Marehemu hana dole gumba. Lile dole lilikuwa la mtu aliye hai, na alijua kwamba orodha haitasomwa.

Tangu 1970, mwaka ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima, wengine wamekuwa wakituuliza: mzee mwenye mvi anasoma ili apate kazi gani? Wenzetu wa Mwanza walijibiwa mapema. Kuanzia mwaka 1968 kisomo chenye manufaa kilifundishwa huko kwa vitabu vilivyozungumza juu ya kilimo cha pamba chenyewe. Sisi tulioshika kalamu ukubwani tunajibu kwa yule mama wa ufagio. Mistari miwili aliyosoma ilikuwa na faida kuliko hotuba kumi.

Sasa tusikie na wanaopinga, maana ni wenzetu na hawakusema upuuzi.

Wanasema: mambo ya fedha ya mtu ni siri yake. Tunakubali. Fedha ya pamba uliyouza ni yako na mkeo au mumeo na watoto, hatutaibandika. Tunabandika kilichotoka kwa umma tu.

Wanasema: kilo zikionekana, mwizi atapiga hesabu ajue nani ana fedha ndani. Hili ni la kweli kabisa. Kwa hiyo tunapendekeza kwamba ikiwa ni ruzuku ya bei, orodha ibandikwe baada ya malipo kukamilika, na malipo yenyewe yapite benki au kwenye simu, siyo noti mkononi chini ya mwembe. Ikiwa ni pembejeo, ibandikwe mapema. Mwizi hatavunja nyumba kutafuta chupa ya dawa ya funza.

Wanasema: italeta fitina. Ndugu zangu, fitina tunayo tayari. Iko kilabuni, iko kisimani, iko kwenye njia ya kwenda mnadani. Fulani kapendelewa, fulani kapewa mara mbili. Karatasi haizai fitina, inaimaliza. Kama fulani kapendelewa tutaona, na kama hakupendelewa tutamwomba radhi.

Wanasema: nusu ya watu hawasomi. Basi isomwe kwa sauti. Masikio tunayo wote.

Kwa hayo, tawi linapendekeza mambo haya sita, mkutano uyapigie kura moja moja:

1. Orodha ya wakulima ibandikwe ukutani siku saba kabla haijapelekwa wilayani. Mwenye malalamiko aseme ndani ya siku hizo.

2. Kila mstari uwe na jina, kitongoji, ekari, kilichopangwa, kilichopokelewa, na deni kama lipo. Ruzuku iandikwe mbali na mkopo, visichanganywe katika safu moja.

3. Orodha isomwe kwa sauti katika kila kitongoji, na msomaji asiwe karani aliyeiandika.

4. Asiyejua kuandika asiweke dole gumba mpaka asomewe mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Awe mtoto wake, awe jirani, awe mwanakisomo.

5. Mizani isiyo na alama ya Wakala wa Vipimo isitumike. Kilo zitamkwe kwa sauti, mkulima aziandike kwenye daftari lake kabla ya karani hajaandika stakabadhi, kisha zilinganishwe. Na pamba ikiitwa fifi, mkulima aonyeshwe kwa nini haikuitwa safi.

6. Namba ya ruzuku ya mkulima isishikwe na wakala wala kiongozi yeyote, nasi wa tawi tukiwemo.

Hilo la sita wengine wamecheka. Msicheke. Kanuni isiyomgusa kiongozi ni kamba ya kumfungia mbuzi wa jirani.

Kazi inabaki pia kwetu wakulima. Orodha safi haiondoi magugu. Tupande kwa wakati, tung'oe na kuchoma masalia baada ya mavuno, tusiweke maji wala mchanga ndani ya pamba ili kilo zipande. Mkulima anayelia mizani imemwibia, na huku amemwaga ndoo ya maji kwenye tumba lake, hana ushahidi mbele ya mtu. Tukidai hesabu safi, tulete na pamba safi.

Ndugu wanaushirika, chama cha msingi ni mali ya wanachama. Hakina mlango wa mbele wa viongozi na mlango wa nyuma wa wakulima. Fedha ya Serikali itakuja au haitakuja, hilo litategemea mwaka, bei na uwezo wa nchi. Yaliyo juu ya uwezo wetu tuwaachie wenye kuyatenda. Lakini ikija, ifike. Hilo liko ndani ya uwezo wetu, na gharama yake ni karatasi nne, gundi kidogo, na macho ya watu wengi.

Darasa la kisomo linaendelea Jumatatu na Alhamisi, saa kumi na nusu jioni, pale shuleni. Mwezi huu hatusomi kitabu. Tunasoma stakabadhi ya pamba, safu kwa safu. Njooni na za kwenu za zamani, zile mlizozihifadhi juu ya dari na ndani ya masanduku. Mama mwenye mtoto mchanga aje naye.

Jumamosi tukutane saa tatu asubuhi tupige kura. Kila mwanachama aje na kadi yake, na mwenye kalamu aje na kalamu.



Ushirika hoyee! Kisomo hoyee!

Katibu wa Tawi